Tuache Kusubiri Rais Mwingine

Kuna kauli iliyoota mizizi vijiweni, maofisini na hata vyuoni kwetu: nchi hii sera hubadilika mkubwa akitaka, asipotaka, subirini aje mwingine. Kauli hiyo si kweli, na inawazoesha wananchi kukaa mikono kifuani wakati haki zao zinapotea.

Wanaoiamini hutaja suala la wasichana wanaopata mimba shuleni. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba katika utawala wake hawatarudi darasani. Alifariki Machi 2021, na Novemba mwaka huohuo Serikali ikawaruhusu. Basi watu wakahitimisha: kabadilika rais, sera nayo ikabadilika.

Lakini aliyetangaza ruhusa hiyo, Profesa Joyce Ndalichako, ndiye aliyekuwa Waziri wa Elimu siku katazo linatamkwa. Wizara haikuokota wazo hilo njiani. Zanzibar ilikuwa na sera ya kuwarejesha tangu 2010, kwa hiyo hofu ya waliopinga kwamba akirudi mmoja wote watabeba mimba ingeweza kupimwa humuhumu ndani ya Jamhuri. Bara, wanaharakati wa elimu na wa haki za wanawake walipaza sauti mwaka hadi mwaka. Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilishiriki kufikisha malalamiko dhidi ya katazo hilo kwenye kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto.

Wakati huohuo, vyuo vya maendeleo ya wananchi viliwapokea mabinti hao kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho. Mama anamwacha mwanawe kwenye malezi hapohapo chuoni, anaingia darasani kusoma masomo ya sekondari. Dai kwamba mzazi hawezi kuwa mwanafunzi likakosa pa kusimamia. Serikali hujifunza hivyo: kwa ushahidi unaoonekana, ukibebwa na watu wasiochoka kuuonyesha.

Sikatai kwamba kubadilika kwa uongozi kulifungua nafasi. Ila nafasi peke yake haitoshi. Itazameni Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu hilo vinakiuka Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Agizo lilikuwa sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Akaingia Ikulu rais yuleyule ambaye Serikali yake iliwarudisha mabinti shuleni, na bado miaka ikapita Serikali ikikusanya maoni. Kwa nini? Kwa sababu hapa wazazi, viongozi wa dini na wanasiasa hawajapatana, na kambi ya mabadiliko haijawavuta vya kutosha. Kama matakwa ya mkubwa yangetosha, mambo haya mawili yangekwenda pamoja.

Ruhusa ya 2021 ilikuja kwa waraka, na waraka hufutwa kwa waraka. Anayetaka idumu aidai iwe sheria: ambane mbunge wake, asimame kwenye mkutano wa wazazi shuleni, aketi na sheikh au mchungaji asiyekubaliana naye mpaka waelewane. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na hakuna rais atakayetufanyia.