Kabla ya Kusaini Hati ya Uchakavu

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa mjumbe wa kamati ya kukagua mali katika ofisi moja ya umma hapa Songea, nilitia sahihi ripoti iliyotangaza kompyuta kumi na mbili kuwa chakavu. Sababu ilikuwa fupi: hazipokei diski mpya. Sikuuliza swali. Mwenye shahada ya uzamivu naye huchoka ifikapo saa tisa alasiri.

Diski zenyewe zilikuwa SSD za aina ya NVMe, zilizonunuliwa kwa kuwa muuzaji alisema ndizo za kisasa, pamoja na kadi za kuzipachika kwenye mashine za mwaka 2012. Mashine zilipowashwa, kiwambo kilijibu kwamba hakuna diski ya kuanzia. Wakubwa wakahitimisha kuwa zimekufa.

Hazikuwa zimekufa. Kompyuta inapowashwa, kinachoamka kwanza si Windows wala Linux, bali programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu kwenye ubao mama, yaani bayosi. Hiyo ndiyo inayotafuta diski yenye mfumo endeshi na kuukabidhi mashine. Kanuni za NVMe zilitolewa mara ya kwanza mwaka 2011, na bayosi nyingi za kabla ya mwaka 2014 haziifahamu kabisa. Linux, kwa upande wake, inaifahamu tangu mwaka 2012. Ni sawa na mlinzi wa getini kumzuia mgeni ambaye mwenye nyumba anamjua vizuri. Dawa yake ni ndogo: faili za kuanzishia, pamoja na kiini cha Linux, huwekwa kwenye flashi au diski ya zamani. Bayosi huzisoma, kiini huamka, kisha chenyewe huifungua NVMe na kazi yote huendelea humo. Kwa Windows, programu ya bure iitwayo Clover huweza kufanya ukalimani wa namna hiyo.

Tena, laiti tungemuuliza fundi kabla ya kununua, hata hayo yasingehitajika. SSD ya SATA ingechomekwa palepale ilipokuwa diski ya awali na kuwaka bila kadi wala flashi.

Nimeyajua haya kwa aibu. Mwaka jana mwanafunzi wangu anayeishi Bombambili alinionyesha kompyuta aliyoandikia tasnifu yake, ambayo fundi aliinunua mnadani na kumuuzia. Nyuma yake kuna flashi iliyofungwa kwa gundi ya karatasi yenye maneno "usichomoe". Ubavuni, kwa rangi nyeupe, bado inasomeka namba ya mali ya ofisi ile.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha usaidizi wa kawaida kwa Windows 10, ripoti za aina hii zina kisingizio kipya, kwani Windows 11 hudai rasmi chipu ya usalama ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Ninachopendekeza kwa watumishi wenzangu ni ukurasa mmoja tu wa fundi katika kila ripoti: amejaribu nini, kifaa gani kimeharibika, na matengenezo yangegharimu kiasi gani.

Juzi nimeletewa ripoti nyingine, ya kompyuta tisa. Ukurasa huo haumo. Sijaisaini.