Kyoto Haikuhifadhiwa, Ilijengwa

Kila mwaka mamilioni ya watalii hushuka katika stesheni ya Kyoto wakiwa na picha moja vichwani: hapa ndipo Japani ya kale ilipobaki kama ilivyokuwa. Vitabu vya mwongozo vinawaahidi hivyo, kampuni za safari zinawauzia hivyo, na Wajapani wengi nao wanaamini vivyo hivyo. Tokyo ni ya leo, Kyoto ni ya jana. Imani hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeidai ushahidi. Ni ya uongo, tena uongo wenye madhara: inamzuia mgeni asiuone mji alioufuata, na inachangia kuubomoa.

Ushahidi wa kwanza umesimama kando ya bwawa kaskazini-magharibi mwa mji, umefunikwa dhahabu. Kinkakuji, hekalu ambalo ni moja ya majengo yanayopigwa picha zaidi nchini Japani, asili yake ni mwaka 1397, wakati Ashikaga Yoshimitsu, shogun (mtawala wa kijeshi) mstaafu, alipojijengea makao. Lakini jengo lililomo katika simu za watalii lilikamilika mwaka 1955. Lile la awali liliteketea Julai 2, 1950, lilipotiwa moto na mtawa kijana wa hekalu hilohilo. Hata mng'ao wa leo si wa mwaka 1955. Dhahabu ilibandikwa upya mwaka 1987, safari hii kwa karatasi nene takribani mara tano ya zile za kawaida.

Mtalii anayeambiwa habari hizi hununa. Huona ametapeliwa, akaandika kwa wenzake kwamba Kinkakuji ni bandia, wasipoteze nauli. Anadhani sasa ameerevuka kuliko wale wanaoendelea kushangaa langoni, kumbe bado ameshikilia imani ileile: kwamba kitu cha kweli ni kile tu ambacho mkono wa mtu haujakigusa tangu siku ya kwanza.

Kwa kipimo hicho, Kyoto yote itupwe. Mji huu ulianzishwa na Mfalme Kanmu mwaka 794, mitaa yake ikapimwa kwa mistari iliyonyooka kwa kufuata mfano wa Chang'an, mji mkuu wa China wa wakati huo. Mji wa Kanmu haujabaki. Vita vya Onin, vya mwaka 1467 hadi 1477, vilichoma sehemu kubwa ya mji. Moto wa mwaka 1788 uliteketeza sehemu kubwa tena, pamoja na kasri la mfalme. Mwaka 1864 mapigano ya makundi ya kisiasa yaliwasha moto uliounguza takribani nyumba 28,000. Kasri la mfalme linalotembelewa leo lilijengwa upya mwaka 1855. Pagoda ya hekalu la Toji, yenye orofa tano na urefu wa karibu mita 55, ambayo ni alama ya Kyoto kwa abiria wa treni, imeungua mara nne. Iliyopo ni ya mwaka 1644. Jukwaa maarufu la Kiyomizu-dera, hekalu lililoanzishwa mwaka 778, ni la mwaka 1633.

Wapo watakaosema kwamba angalau Vita Kuu ya Pili ilipita pembeni, kwamba Wamarekani waliuhurumia mji kwa ajili ya mahekalu yake. Hadithi hiyo ni nusu ya kweli, na nusu inayobaki inauma. Mwaka 1945 Kyoto ilikuwa katika orodha ya miji ya kudondoshewa bomu la atomiki. Aliyeshikilia iondolewe ni Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, na baada ya Kyoto kuondolewa ndipo Nagasaki ilipoingizwa. Mabomu ya kawaida yalianguka Kyoto hata hivyo: Januari 1945 mtaa wa Umamachi, na Juni mwaka huo Nishijin, mtaa wa wafumaji wa hariri. Watu walikufa. Na wakuu wa mji wenyewe, wakihofia moto wa mabomu, waliamuru maelfu ya nyumba zivunjwe ili kuweka nafasi wazi za kuzuia moto usienee. Basi linalompeleka mtalii kwenye Japani ya kale likipita barabara pana za Oike, Gojo au Horikawa, linapita juu ya nafasi hizo, mahali palipokuwa na vyumba na majiko ya watu.

Kama mawe na mbao zimeungua mara zote hizo, kilichodumu Kyoto ni nini? Ni kazi ya mikono, na watu waliokubali kuigharimia. Hili ndilo jambo ambalo imani ya mji usiobadilika inalificha, nalo ndilo la kustaajabisha kuliko dhahabu yote ya Kinkakuji.

Chukua paa la Kiyomizu-dera. Halikuezekwa kwa vigae wala kwa majani. Limeezekwa kwa magome ya hinoki, aina ya mberoshi. Magome hayo huchunwa kwenye mti ulio hai, wenye umri wa miaka 70 au zaidi, bila kuuua. Gome la kwanza ni gumu na halifai sana. Mchunaji huliondoa, kisha hungoja miaka minane hadi kumi gome jipya liote, na hilo ndilo linalopanda paani. Huko juu mwezekaji hujaza mdomoni misumari midogo ya mianzi, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, akaipigilia tabaka juu ya tabaka, magome yakipishana kwa kiasi kidogo sana. Paa la namna hiyo hudumu miongo mitatu au minne, kisha huondolewa lote kazi ikaanza upya. La Kiyomizu lilibadilishwa mara ya mwisho kati ya mwaka 2017 na 2020. Watalii waliofika miaka hiyo walilalamika kwamba hekalu limefunikwa kwa kiunzi na picha zao zimeharibika. Ndani ya kiunzi kile kulikuwa na kazi ya kale kuliko chochote walichokuja kukiona, na walikilaani kwa kuwa kiliwaziba.

Mafundi wa Japani hawakuwa na haja ya kufundishwa hili na wageni, ila ulimwengu ulihitaji kufundishwa nao. Mwaka 1994 wataalamu wa urithi walikutana Nara, mji mkuu wa kale ulio kusini mwa Kyoto, wakatoa tamko lililokubali kwamba uhalisia wa jengo haupimwi kwa umri wa mawe na mbao peke yake. Matumizi yake, ufundi wake na desturi za watu wake nazo zina uzito. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza ufundi 17 wa majengo ya mbao ya Japani katika orodha yake ya urithi usioshikika, na uezekaji wa magome ni mmojawapo. Waswahili wana sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuua watu, mchana, mbele ya macho ya mji. Jengo la kale likichelewa kupata mkono wa fundi, huanguka hata kama limo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Anayetaka kuuona ukweli huu Kyoto hahitaji kibali maalumu. Apande mlima wa hekalu la Fushimi Inari kama wanavyopanda wote, chini ya maelfu ya malango mekundu ya torii, kisha ageuke nyuma. Upande unaotazama juu ya mlima, nguzo zimeandikwa kwa rangi nyeusi jina la aliyetoa lango na tarehe aliyolitoa. Wengi ni wafanyabiashara na kampuni za leo. Mbao huoza, lango likachakaa, mwingine akatoa jipya. Hekalu hili linahesabu asili yake tangu mwaka 711, na limefika leo kwa michango ya namna hiyo.

Wenyeji wa Kyoto hawajawahi kuwa walinzi wa makumbusho. Mwaka 1869, mfalme alipokuwa ameshahamia Tokyo na mji ukianza kupoteza watu na biashara, wakazi wa mitaa yake walijenga shule 64 za msingi ndani ya mwaka mmoja, miaka mitatu kabla serikali haijatangaza mfumo wa elimu wa nchi nzima. Kila nyumba yenye jiko ilichangishwa. Shule mojawapo, ya mtaa wa Tatsuike, leo ni makumbusho ya manga. Vijana kutoka kila bara hukaa sakafuni humo wakisoma vitabu vya katuni, na wengi wao hawajui kwamba wamo ndani ya moja ya mambo makubwa zaidi mji huu uliyowahi kuyafanya.

Kisha ukaja mfereji. Tanabe Sakuro alikuwa kijana aliyetoka chuoni tu alipokabidhiwa kazi ya kutoboa milima ili kuleta maji ya ziwa Biwa mjini. Mfereji ulikamilika mwaka 1890. Mwaka uliofuata maji yake yalianza kuzalisha umeme katika mtaa wa Keage, na mwaka 1895 tramu ya kwanza ya umeme nchini Japani ilipita katika mitaa ya Kyoto. Mji uleule unaouzwa kama usingizi wa karne nyingi ndio ulioitangulia nchi nzima kwa tramu. Daraja la matofali linalobeba maji hayo linapita ndani ya uwanja wa hekalu la Nanzenji, na watalii hulipenda mno kwa picha. Wengi hulidhania kuwa gofu la kale. Ni miundombinu, na maji yanapita juu yake hadi leo.

Hata sikukuu kubwa ya mji, Gion Matsuri ya mwezi Julai, inayohesabiwa kuanza mwaka 869 wakati wa tauni, imekatika na kuungwa. Vita vya Onin viliisimamisha. Ilirudi mwaka 1500. Gari la maandamano la Ofune-hoko, lenye umbo la merikebu, liliungua katika moto wa mwaka 1864, na mtaa wake ukakaa miaka 150 bila gari kabla ya kulirudisha barabarani mwaka 2014. Gari la Takayama liliharibiwa na dhoruba mwaka 1826, likarejea mwaka 2022. Na miongoni mwa mapambo yanayotundikwa kwenye magari haya kuna vitambaa vilivyofumwa Ulaya katika karne ya 16, kimojawapo kikiwa na tukio la vita vya Troya. Mji usiobadilika usingetundika Troya kwenye sherehe yake takatifu. Wafanyabiashara wa Kyoto walikiona kizuri, wakakinunua, wakakifanya chao.

Sasa madhara. Imani ikimwambia mgeni kwamba mji ni jumba la maonyesho, humtendea kila aliyemo kama kitu cha kuonyeshwa. Wageni wamewakimbilia wanagenzi wa geisha katika vichochoro vya mtaa wa Gion, wakawazingira kwa kamera na hata kuwashika nguo wakiwa njiani kwenda kazini. Ndiyo maana mwaka 2024 wakazi walivifunga vichochoro vya binafsi kwa watalii, na mabango yanatangaza faini ya yen 10,000. Wazee wa mji hushindwa kupanda mabasi yaliyojaa mizigo ya wageni wanaokwenda mahali palepale pachache. Wakati huohuo, hekalu la Senbon Shakado, ambalo ukumbi wake wa mwaka 1227 uliokoka Vita vya Onin na bado una nguzo zenye makovu yanayosemekana ni ya silaha za vita hivyo, halina msongamano wowote.

Baya zaidi linazipata machiya, nyumba nyembamba za mbao za wafanyabiashara na mafundi, ambazo kwa hakika ndizo zinazoupa mji sura yake. Si mahekalu, hazina dhahabu, nyingi ni za baada ya moto wa mwaka 1864, basi hazimo katika picha ya Japani ya kale. Hesabu ya manispaa ya mwaka 2016 ilikuta zimebaki takribani 40,000, zikivunjwa kwa kasi ya karibu 800 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mbili kila siku. Manispaa haikukaa kimya, na inastahili sifa: mwaka 2007 ilishusha kimo cha mwisho cha majengo katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31 na kupiga marufuku matangazo ya juu ya mapaa. Lakini kanuni ya kimo hailipi kodi ya urithi ya mrithi ambaye nyumba yake ya mbao inatakiwa na mjenzi wa hoteli.

Hoteli hizo zinajengwa kwa ajili ya wale wanaokuja kuona mji usiobadilika. Kuanzia Machi 2026 Kyoto inawatoza wageni wanaolala vyumba vya bei ya juu kabisa hadi yen 10,000 kwa mtu kwa usiku. Fedha hizo zikiishia kwenye mabasi zaidi na mabango zaidi ya kuelekeza njia ya Kinkakuji, zitakuwa zimelisha tatizo. Ziwafikie wenye machiya kabla hawajauza. Ziwafikie wachunaji wa magome na wanafunzi wao, kwa sababu paa la Kiyomizu litahitaji kuezekwa tena ndani ya uhai wa watoto waliozaliwa mwaka huu, na aliyelipigilia misumari mwaka 2020 hatakuwepo kulipanda.