Mikasa ya Mwenye Tiketi ya Kurudi

Kuna makala moja ambayo imeshaandikwa mara mia na watu mia tofauti. Kijana amechoka na jiji. Anaacha kazi, au anaihamishia kwenye laptopu, anapanda boti kwenda kisiwani akisema atakaa wiki mbili. Anakaa mwaka. Maji yanakatika, umeme unakatika, bahari inachafuka nusura chombo kizame, anajifunza kula pweza kwa mkono, na bibi mmoja asiye na jina anamwambia neno la hekima. Mwisho anarudi mjini akiwa mtu mpya. Zamani makala hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano, nasi tulizoea kuicheka. Siku hizi inaandikwa kwa Kiswahili, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi, wenzetu wa rika, watu waliosoma fasihi chuo kikuu na wanaoweza kukuchambulia ukoloni katika riwaya yoyote utakayowapa. Kwa hiyo sicheki tena.

Mimi ni mtu wa Jambiani, kusini mashariki ya Unguja. Uani kwetu kuna chumba cha kupangisha, na katika chumba hicho dada mmoja wa Dar es Salaam alikaa miezi 11. Alikuwa mpangaji mwema. Alilipa kodi kwa wakati, alimwamkia mama kila asubuhi, na mama alimwita mwanangu bila kulazimishwa na mtu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nina kisirani naye. Ugomvi wangu ni na alichokiandika baada ya kuondoka, na na wote wanaoandika kama yeye. Nilipoisoma makala yake niliikuta nyumba yetu mle ndani, kisima chetu, bahari yetu, mama yangu, vyote vimepangwa kumzunguka mtu mmoja kama viti vya arusi.

Nianze na maji. Kuna kurasa mbili nzima kuhusu wiki ambayo bomba lilikauka, na zinachekesha: anajifunza kuoga kwa makopo matatu, anajitwika ndoo kichwani na nusu yake inamwagikia mgongoni, watoto wa mtaa wanamfuata wakimshangilia. Kisha maji yanarudi na makala inasonga mbele. Hakuuliza yalikuwa wapi.

Angeuliza, angejibiwa na mtoto yeyote kati ya wale waliomcheka. Upande wetu wa kisiwa ni jiwe. Udongo ni kidogo mno juu ya matumbawe ya kale, hatuna mto, na mvua inayonyesha hupenya moja kwa moja hadi chini, ikakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukivuta taratibu unapata maji matamu. Ukivuta kwa pampu kubwa mchana na usiku, chumvi inapanda, na kisima cha jirani yako asiye na pampu kinaharibika pamoja na chako. Mwaka 2012 shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilitoa ripoti kuhusu maji na utalii, na katika vijiji vya pwani ya Unguja, Nungwi na Kiwengwa vikiwemo, ilionekana kwamba mtalii mmoja alikuwa akitumia maji mara 16 ya mwanakijiji. Sehemu kubwa ya maji hayo hata haikunywewa wala kuogewa, ilimwagiwa bustani. Huku kwetu ukipita barabarani mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwa limekausha hata mihogo, utaona juu ya ukuta ncha za majani ya kijani kibichi. Ndoo ile iliyommwagikia mgongoni ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa mita chache kutoka alipokuwa amesimama akicheka.

Umeme nao ameufanyia vivyo hivyo. Usiku mmoja wa giza, nyota nyingi, mshumaa, mawazo mazito. Sawa. Mimi nilikuwa na miaka 10 pale umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipoharibika, na Unguja nzima ikakaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu zilisimama. Samaki walioza. Nyota zilikuwepo, tena nyingi sana, lakini sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyezitaja.

Kiswahili kinatusaidia kuona tatizo liko wapi. Neno mkasa lina uso mara mbili: ni kisa cha kusisimua, na ni balaa. Tunasema visa na mikasa ya msafiri, na tunasema mkasa wa moto, mkasa wa meli kuzama. Tofauti iko kwa msimuliaji. Shida ikimkuta mtu mwenye tiketi ya kurudi inakuwa kisa. Shida hiyohiyo, siku hiyohiyo, kwenye bomba hilohilo, ikimkuta mwenye nyumba inabaki shida.

Hakuna mahali linapoonekana hili wazi zaidi kuliko katika sura yake ya safari ya Pemba. Alipanda meli ya usiku wakati wa kusi. Mawimbi yalikuwa makubwa, watu walitapika, masanduku ya soda yalianguka, na yeye ameandika vizuri sana kuhusu hofu yake na jinsi alivyoishinda. Anataja pia kwamba abiria wengi walikuwa wakisoma dua kwa sauti ya chini, na anaupenda ucha Mungu wao, anauona kama sehemu ya uzuri wa watu wa visiwani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, jirani na Nungwi, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa au hawakuonekana tena. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Kile kilikuwa kivuko cha jimbo la Washington, Marekani, kilichozoea maji yaliyotulia ya huko, kikauzwa, kikaja kubebeshwa watu katika kusi la Julai. Pemba kuna vijiji ambavyo karibu kila nyumba ina mtu wake katika ile ya kwanza. Meli za Pemba zinapita bahari ileile mpaka leo. Abiria wanaosoma dua hapo hawamwonyeshi mtu utamaduni. Wanawakumbuka watu wao, na wanaziangalia jaketi za kuokolea zimefungwa wapi. Mtu anaweza kusafiri na abiria mia tano wanaojua jambo hilo moja, akashuka Wete asubuhi bila kulijua, na kuandika maneno elfu tatu. Mimi hilo naliita uvivu. Kuliita jambo la mtindo wa uandishi ni kulipamba.

Sura inayosifiwa zaidi na wasomaji wake, nimeona maoni yao, ni ile ya mwani. Ni asubuhi ya bamvu, maji yamekwenda mpaka karibu na mwamba, naye anatoka na mama na wanawake wa mtaani kwenda shambani. Anaeleza kanga zilizolowa, mchanga, anga. Anaeleza ukimya wa wanawake walioinama na kuwafananisha na watu walio katika sala. Nimekulia katika mashamba hayo na sijawahi kuukuta huo ukimya. Wanawake wa mwani hupiga soga tangu wanapoingia majini hadi yanapowafika kiunoni: nani kaachwa, nani kaposwa, mbegu imeoza kwa nani, mnunuzi kasema nini. Siku ile walinyamaza kwa sababu yupo mgeni na wanamstahi.

Mwani wa biashara ulianza kwetu na Paje mwaka 1989. Ni mambo ya vigingi, kamba na taitai, zile nyuzi nyembamba za kufungia mbegu. Unafunga ukiwa umekaa chini uani, unapanda na kuvuna ukiwa umeinama baharini, unaanika, unabeba, unauza. Ukikauka hupelekwa nje, ukatolewa uteute wa kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na mafuta ya kujipaka. Kuna aina mbili. Kotonii hulipwa bei nzuri, lakini haistahimili joto, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji haya ya pwani yanayozidi kuchemka. Spinosamu inavumilia, na bei yake ni ya kusikitisha. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayeleta kamba na taitai, na ndiye anayetaja bei, kwa hiyo mkulima hana pa kusimama akibishana. Anayetaka kotonii inabidi asogee kwenye maji marefu yenye ubaridi, na huko wengi wa wanawake hawa hawawezi kwenda, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha kuogelea. Mama yangu amefanya kazi baharini miaka ishirini na kitu. Haogelei. Ikifika msimu wa upepo, upande wa Paje hujaa watalii wanaoteleza kwa tiara juu ya maji yaleyale, na kamba za watu hukatika.

Yote haya huzungumzwa shambani, kwa sauti, kila bamvu. Ni mazungumzo ya kazi, ya bei, ya joto la bahari, ya nani ana haki ya ufukwe. Mwandishi wetu alisimama katikati yake akiwa na simu inayopiga picha nzuri, akarudi na ukimya.

Nilimwandikia. Alinijibu kwa upole kwamba hakuwa akiandika kuhusu Jambiani, alikuwa akiandika kuhusu yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, na nimeifikiria kwa uzito unaostahili. Kila mtu ana haki ya kuandika maisha yake. Lakini maisha yake ya miezi 11 yaliendeshwa na maji ya kisima chetu, samaki wa wavuvi wetu, na kodi ambayo ilikuwa nafuu kwa sababu ileile inayofanya mwani uwe nafuu. Huwezi kuyatoa hayo ukabakiwa na nafsi. Ukiyatoa, unabakiwa na mtu anayejitazama kwenye kioo na bahari nyuma yake.

Wengine wataniambia mgeni ni neema, analeta fedha, mnalalamika nini. Fedha tumezipokea na tumeezekea jiko. Ila kumlipa mtu kodi ya chumba hakukupi ruhusa ya kumfanya mti katika hadithi yako.

Tena si kwamba kijana msafiri hawezi kufanya vizuri. Mwaka 1331 alipita kwenye pwani hii kijana wa miaka 27 kutoka Tangier, Ibn Battuta. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja aliona kwamba kisiwa hakina nafaka yake, huletewa kutoka pwani ya Bara. Aliona watu wanakula ndizi na samaki. Na aliona kwamba kwenye milango ya misikiti kuna visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, ambavyo huchotwa kwa chombo cha mbao chenye kijiti. Alikuwa na makosa yake mengi na majivuno ya kutosha. Lakini aliuliza chakula kinatoka wapi na maji yanachotwaje. Usiku mmoja. Sisi tunampa mtu miezi 11 na ufunguo wa mlango wa uani.

Angalia pia tunavyoita safari za upande wa pili. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana mdogo, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda kuishi katika kisiwa cha watu wengine, kisiwa cha baridi. Kamati ya Nobel ilipompa tuzo mwaka 2021 ilizungumza juu ya ukoloni na hatima ya mkimbizi. Hakuna aliyefikiria kuiita safari ile mikasa ya kijana aliyekwenda kujitafuta. Mtu wa kisiwani akitoka, huwa amekimbia, amehama, amezamia. Mtu wa jijini akija kisiwani, amejipata.

Nilimwuliza mama kama niandike jina lake hapa, maana isiwe nami namfanya bibi wa hekima. Alikataa. Alisema mnunuzi wa mwani ana simu, anasoma.

Chumba kipo wazi tangu mwezi uliopita, na kodi ni ileile. Maji siku hizi yanatoka usiku, kati ya saa nane na saa kumi, si kila siku. Atakayekuja aweke ndoo mbili chini ya bomba kabla ya kulala, na akisikia zimeanza kujaa agonge dirisha la jirani upande wa kushoto, ana watoto wanne na usingizi mzito.