CHETI CHA KUFIA USINGIZINI

Kijana wa Istanbul anayetafuta fleti leo anapiga hesabu roho mkononi. Ya bei nafuu ni ya kabla ya 1999, na nyingi za wakati huo zege lake ni mchanga wa baharini, nondo zinaliwa na kutu. Mpya haikamatiki. Aombe cheti? Cheti gani, jamani!

Agosti 17, 1999 tetemeko liliua zaidi ya watu 17,000 Uturuki. Sheria za ujenzi zikakazwa. Halafu 2018, uchaguzi ukiwa mlangoni, serikali ya Erdogan ikatangaza msamaha: mwenye jengo lililovunja sheria alipe ada, achukue cheti. Uimara? Ajitangazie mwenyewe! Mhandisi hakutakiwa kugonga hata nguzo moja. Kitu kidogo chenye risiti.

Februari 6, 2023, alfajiri, ardhi ikatikisika kusini. Maghorofa, hata mapya ya marumaru, yakalaliana kama chapati. Uturuki peke yake wakafa zaidi ya 53,000. Makandarasi wakatiwa pingu. Vigogo wa msamaha je? Mei mwaka uleule mzee akarudi kuomba kura. Akapewa.