Aongee Mwenyewe

Kuna sentensi nimeichoka: "Wacha aongee mwenyewe." Nimeisikia kwenye dirisha la ofisi, nimeisikia kwenye kizuizi cha barabarani, nimeisikia chini ya hema la usajili. Anayeisema anadhani anamheshimu mama yangu. Mimi nasema mtu mwenye demensia akiambiwa hivyo amefungiwa mlango, ila umefungwa kwa adabu.

Kwenye block yetu hapa Kakuma wengine wanasema Mama amerogwa. Wengine wanasema ni uzee tu. Si uzee tu. Ni ugonjwa wa ubongo, na Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye demensia, wengi wao wakiwa nchi maskini na za kipato cha kati. Kwa kawaida ya jana ndiyo yanatangulia kupotea, ya zamani yanakawia. Kwa mtu aliyezeekea kwao, ya zamani ni harusi, mavuno, samaki wa ziwani. Kwa mkimbizi ya zamani ni nini?

Niliipata jibu ndani ya basi.

Tulipewa karatasi ya ruhusa ya kwenda Nairobi kwa daktari: Mama, mimi, mdogo wangu, na binti yangu wa miaka tisa. Kwenye karatasi ilikuwa hospitali. Mioyoni ilikuwa pia dada yake Mama, ambaye hawajaonana miaka mingi na ambaye naye afya yake si nzuri. Majirani walituambia tumwache. "Mutamusumbua bure, hata hatajua alifika." Ni zaidi ya kilomita 700, na mtu ambaye usiku anatafuta mlango kwenye ukuta. Niliwaza sana. Mwisho nikasema anaenda, ni dada yake.

Tulichagua basi la mchana, maana jua likizama Mama anachanganyikiwa zaidi. Tulimkalisha dirishani na kitenge chake magotini. Mpaka Lodwar alikuwa mzima kuliko sisi. Aliimba. Alimuuliza makanga kama ameoa. Ila tulipovuka daraja la mto Turkwel akaona maji, akanyamaza, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Ruzizi," akasema.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi. Polisi wawili wakapanda, bunduki begani, kazi ya kila siku, hata hawakuwa wakali. Mama akamvuta binti yangu chini ya kiti, akamfunika kitenge. "Basoda bamefika. Lala chini, mutoto. Usikohoe."

Sisi tulitoka Uvira mwezi wa kumi 1996, mji ulipochukuliwa. Tulivuka Ruzizi kuingia Burundi. Nilikuwa na miaka sita, na mtoto aliyekuwa anakohoa ni mimi.

Polisi alinyoosha mkono apate karatasi. Nilimpa, nikaanza kueleza. Akanikatiza. "Wewe ngoja. Wacha aongee mwenyewe. Mama, unatoka wapi?"

"Natoka Uvira."

"Unaenda wapi?"

"Bujumbura. Bwana yangu iko nyuma, anakuya."

Baba alifia Uvira. Karatasi inasema Kakuma, inasema Nairobi, inasema mjane. Polisi aliangalia karatasi, akamwangalia Mama, akatuangalia sisi kama wezi wa bibi. Tulishushwa. Dakika arobaini juani, abiria wakitupigia kelele kwamba tunawachelewesha, mtoto analia, Mama ananiuliza kwa sauti ndogo ni wangapi wameuawa. Na mimi, naandika hili bila kujipamba, nilimpigia kelele. Nilimwambia: "Mama, Baba alikufa! Alikufa 1996! Waambie!" Akaanza kulia kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Kwake ilikuwa sasa hivi. Ndipo polisi akarudisha karatasi na kusema twende.

Sijamwambia tena kwamba Baba amekufa. Akiuliza, nasema hajarudi. Wachungaji wataniita mwongo, sawa.

Sasa nataka kusema na ninyi mnaovaa beji shingoni, maana kizuizi kile kilikuwa kidogo. Kikubwa kiko kwenu. Huko mnakaa na Mama mezani, mnamuuliza tarehe, majina ya watoto kwa mpangilio, nani alifia wapi. Mwaka huu anasema mume yupo hai, faili la zamani linasema mjane, na mtu anaandika kwamba maelezo hayalingani. Kesi inalala. Nikiinua mkono, naambiwa nisimjibie.

Najua sababu yenu. Wapo watu wanaowatumia wazee kama tiketi, mimi mwenyewe nawajua wawili. Basi nihojini mimi peke yangu, mhojini mdogo wangu chumba kingine, muulizeni daktari, mlinganishe. Hiyo ni kazi, ndiyo, lakini ni kazi yenu. Na si wazo langu. Kitabu cha UNHCR cha taratibu za kumtambua mkimbizi, kilichotoka 1979, kina aya nzima kuhusu waombaji wenye matatizo ya akili. Kinasema utafutwe ushauri wa daktari inapowezekana, mzigo wa kuthibitisha upunguzwe, na habari ambazo mtu hawezi kuzitoa zitafutwe kwa ndugu na watu wanaomfahamu vizuri. Kitabu hicho kina umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaohoji.

Kingine: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo wa kutibu matatizo ya akili kwenye mazingira ya dharura. Una sehemu ya kifafa, ya huzuni ya msiba, ya pombe na dawa za kulevya, ya kujiua. Sehemu ya demensia haimo, wakati mwongozo wa jumla wa shirika hilo la afya unayo. Kama vile mtu akikimbia vita hazeeki.

Na ninyi wa block, msicheke kwamba nawasema wakubwa tu. Nimeona bibi amefungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya kitanda siku ya kuchukua chakula, ili asipotee. Aliyemfunga si mtu mbaya, ni mtu aliye peke yake. Mwenye nyumba ya jirani angekaa na huyo bibi saa mbili, kamba ingekuwa ya nini? Sisi tumeshona namba ya simu kwenye pindo la kitenge cha Mama, na watoto wa jirani wanajua wakimkuta karibu na lagga wasimvute, wamwambie wanakwenda naye. Anarudi mwenyewe akiwasindikiza. Na mzee akibadilika ghafla kwa siku mbili tatu, mpelekeni kliniki kabla ya kumpeleka kwa maombi. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo tu, na yana dawa.

Nairobi tulifika. Mama mdogo alikuwa kitandani. Mama alisimama mlangoni, hakumjua, akaniuliza huyu mwanamke mzee ni nani. Mama mdogo hakumjibu kwa Kiswahili. Alimsalimia kwa Kifuliiru, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Mama akavua viatu, akapanda kitandani, wakaongea mpaka usiku. Kesho yake hakukumbuka kitu. Mama mdogo anakumbuka kila kitu.

Mwezi ujao tumeitwa tena kuhojiwa. Nimeshaenda saiba kuchapisha aya ya 210 ya kile kitabu cha 1979, ukurasa mmoja, shilingi kumi. Nitaingia na Mama, nitakaa kiti cha pembeni, nitanyamaza. Wakisema aongee mwenyewe, naiweka mezani.