Programu Zinazoshirikiana Kazi Zipimwe Pamoja

Kazi yangu ni kupima programu za kompyuta kabla hazijawafikia wananchi. Msimamo wangu ni kwamba taasisi isikubali kupokea mfumo kwa sababu tu kila sehemu yake imefaulu majaribio ikiwa peke yake.

Mifumo mingi ya leo haiandikwi kwa lugha moja. Fomu anayojaza mteja kwenye simu huandikwa kwa JavaScript, shughuli za seva kwa Python, ripoti za mkurugenzi kwa Java. Kila timu ina majaribio yake ya kiotomatiki, yenye amri zake na mtindo wake wa kutoa majibu. Siku ya makabidhiano kila timu hueleza kamati kwamba kwake mambo yote yamepita, na kila moja husema kweli.

Chukua namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Python huihifadhi kama namba kamili bila shida yoyote. JavaScript, ikiipokea kama namba, huanza kupoteza usahihi baada ya 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Hivyo tarakimu tatu za mwisho za NIDA hugeuka sifuri. Watu wawili wenye namba zinazotofautiana mwishoni tu huonekana mtu mmoja. Timu ya Python ilipima kwa namba halisi ikafaulu. Timu ya JavaScript ilipima kwa 12345 ikafaulu pia. Anayeumia ni mwananchi dirishani, anayeambiwa hatambuliki.

Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa kosa la jamaa hiyo hiyo. Programu moja ilitoa msukumo wa injini kwa vipimo vya ratili, nyingine ikausoma kama nyutoni. Tofauti yake ni zaidi ya mara nne. Kosa lilikaa pale programu mbili zilipokutana.

Dawa ipo, tena ni ya zamani. Tangu 1987, lugha ya Perl ya Larry Wall ilipotoka, kuna utaratibu uitwao TAP. Programu ya majaribio hutangaza idadi ya majaribio yake, kisha huandika mstari mmoja kwa kila jaribio: ok likifaulu, not ok likishindwa. Ikizimika katikati, hesabu haitimii na kasoro inajulikana. Lugha yoyote inaweza kuandika mistari hiyo, kwa hiyo programu moja inaweza kuendesha majaribio yote na kutoa hukumu moja.

Hata hivyo, kukusanya majibu hakutoshi kama kila timu inapimia mifano yake. Timu zote ziwe na faili moja la mifano: namba ya NIDA yenye tarakimu zote, namba ya simu inayoanza na sifuri, jina la Kisukuma lenye ng', malipo ya saa nane usiku Dar es Salaam, wakati kwa saa za Greenwich bado ni jana saa tano usiku. Majaribio ya kila lugha yasome faili hilo, na mengine yapitishe taarifa hizo kutoka fomu hadi ripoti.

Wapo wanaosema hili linachelewesha kazi na kuzua ubishi kuhusu nani alipe gharama za marekebisho. Muda si kikwazo: kila timu iendeshe majaribio yake mchana, yote kwa pamoja yaendeshwe usiku. Ubishi nao ni afadhali uzuke ofisini kabla ya makabidhiano, kuliko mgonjwa akose huduma ya bima huku wataalamu wakitupiana lawama.

Wanaoandaa zabuni waandike sharti hili waziwazi: majaribio ya sehemu zote yaendeshwe kwa amri moja, kwa mifano ileile, mbele ya mnunuzi. Likishindwa hata moja, malipo ya mwisho yasitoke.