Iridiamu si dawa ya Land Rover kuukuu

Sikubaliani kabisa na mwandishi aliyewashauri wenye Land Rover Series III za petroli, kuanzia Masasi hadi Newala, wafunge plagi za iridiamu, tena za namba kubwa, ati mlima unachemsha injini. Namba kubwa ya kampuni gani? Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Champion na Bosch ni kinyume. Atakayemsikiliza akanunua Champion atafunga plagi ya moto, kisha apandishe mlima wa Newala na shehena. Hapo pistoni hutoboka.

Sifa ya iridiamu ni kudumu. Lakini injini iliyochoka ringi hupandisha oili, na plagi iliyolowa oili hugoma hata iwe ya bei gani. Ya nikeli utaifungua, utaisugua kwa brashi ya waya, utarudisha mwanya karibu milimita 0.75, safari iendelee. Ncha nyembamba ya iridiamu brashi hiyo itaiharibu.

Itazameni plagi inayotoka. Ikiwa ya kahawia hafifu, rudisheni namba ileile. Ikiwa na masizi makavu, anzeni na kabureta. Ikiwa nyeupe yenye malengelenge, kagueni taimingi kabla ya kwenda dukani.